Mdomo wa Celedonio

Shemeji yangu Celedonio Kery alikuwa na kazi ambayo sijasikia mtu mwingine akiwa nayo, na kama yupo, Mungu amsaidie. Kazi yake ilikuwa kula kwanza. Hapa Punta Salada mtu akivua mzia mkubwa, hakuna kupika, hakuna kuuza, hakuna kumgawia jirani, mpaka Celedonio ameonja, amelala na ameamka. Asubuhi watu wanaulizana njiani, "Vipi, Celedonio kaamka salama?" Akiwa salama, majiko yanawashwa. Asipokuwa salama, samaki anakwenda kufukiwa nyuma ya mikoko, tena kwa kina, ili mbwa wasimfukue.

Mimi naitwa Dominga, lakini hakuna anayeniita hivyo isipokuwa padri. Ni Minga, mdogo wake Ercilia, mkewe Celedonio. Nyumba yangu na yao zinatenganishwa na kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo ninachosimulia sikuletewa na upepo. Nakaanga samaki na ndizi kando ya barabara, na nina maneno mengi, hilo nalijua, msinikumbushe.

Mzia wetu ni yule mwenye madoa meusi ubavuni kama wino uliomwagika, taya la chini limetokeza mbele, meno marefu na mafupi yamechanganyika. Akiwa mdogo anakaa kwenye mizizi ya mikoko na wenzake, kundi zima limebanana kwa hofu ya kuliwa. Akipata mwili anawaacha, anatoka kwenda mwambani, anachagua mahali pake na kukaa peke yake. Majike ndiyo yanayokuwa makubwa zaidi. Hakimbizani na samaki ovyo. Anasimama tu majini, hasogei, unadhani ni kijiti kimezama, kisha anachomoka mara moja na samaki mwingine yuko vipande viwili. Halafu anarudi polepole kuokota vipande. Kutwa anafungua na kufunga kinywa, wageni wanadhani anawatisha, kumbe anapumua tu. Akiona kitu kinang'aa hawezi kujizuia. Ukiingia baharini na mkufu shingoni, umemwita mwenyewe.

Sasa sisi meno hatuyaogopi sana. Tunaogopa nyama. Kwenye matumbawe yaliyokufa huota mwani, na ndani ya mwani huo wanakaa wadudu wadogo mno, jicho haliwaoni. Kangaja na pono wanakwangua mwani na kuwameza. Mzia anamla kangaja leo, pono kesho, miaka nenda miaka rudi, na sumu ya wote hao inabaki mwilini mwake. Yeye hana habari. Anaogelea, ananenepa, anazeeka nayo. Kadiri alivyo mkubwa ndivyo alivyo wa kuogopwa. Na sumu yenyewe huioni, haina harufu, haina ladha, chumvi haiitoi, ndimu haiitoi, moto haufui dafu. Nyama ni nyeupe na tamu. Na tangu kimbunga kilipovunja mwamba wetu wa mashariki, kule chini hakuna kitu ila mifupa ya matumbawe iliyovaa mwani, na samaki wanaokwangua wamejaa tele. Wavuvi walifurahi, wakasema samaki wamerudi. Mimi sikufurahi hata kidogo.

Watu wana vipimo vyao. Wengine wanaangalia kama nzi wanamtua. Wengine wanatumbukiza sarafu ya fedha chunguni, eti ikigeuka nyeusi mmwage. Lipe Shepar, mwenye mashua mbili, zamani alikuwa akimpa paka. Siku moja paka akala, akatapika chini ya meza bila mtu kumwona, akaenda zake kulala juani. Lipe akamwona paka mzima, akala na yeye. Paka yule alizaa tena mara kadhaa. Lipe alitambaa kwa magoti mwezi mzima. Tangu hapo hakuna aliyetaka kusikia habari ya paka.

Celedonio alianza akiwa kijana. Yeye na kaka yake Toribio walikula kichwa cha mzia, wawili, kwenye sahani moja. Toribio alikuwa na mwili mkubwa na alikula zaidi. Moyo wake ulizidi kupiga polepole mpaka ukaacha. Celedonio alipona, ukiita kule kupona. Miezi mingi maji baridi yalimuunguza na kahawa ya moto ilimtia ubaridi kwenye meno. Akitembea mchangani anaruka utadhani kuna makaa. Na ilipokwisha, ikabaki hii: akionja hata mchuzi tu wa samaki mwenye sumu, midomo inaanza kumwasha, halafu ncha za vidole. Mtu mwingine angekula kipande kizima kabla ya kusikia chochote. Ercilia aliligundua hilo jikoni, akamwambia mama yetu, na mama yetu kumwambia kitu ilikuwa sawa na kupiga kengele ya kanisa.

Ndivyo tulivyompata. Na tulimtumia, jamani, tusijifanye. Samaki analetwa barazani bila kupasuliwa, Celedonio mwenyewe anakata kipande cha shingoni, karibu na ini, Ercilia anakichemsha kwa chumvi peke yake. Anakula akiwa amekaa mbele ya nyumba kila mtu akimwona, na kando yake kuna beseni la maji ya kisima la kuchovya mkono. Alikuwa haendi baharini tena, lakini hakuna mashua iliyorudi bila fungu lake. Kwenye misa alikaa mbele. Kwenye dhumna akikosea, watu walinyamaza. Kila alipoangukia samaki mbaya alilala siku kadhaa akijikuna mpaka damu, na sisi tulimpelekea supu, tukamwita mwanamume. Kisha tukampelekea samaki mwingine.

Sasa nitasema jambo ambalo wakati ule alilijua yeye peke yake. Kabla ya Krismasi, mdomo wake ulikufa.

Haukufa siku moja. Kwanza aliona kahawa haina joto. Ercilia aliitoa jikoni ikichemka, yeye akainywa palepale, baadaye akaona lengelenge mdomoni kwenye kioo cha kunyolea na hakukumbuka kuumia. Akauma ulimi akila muhogo, akajua kwa kuona damu. Akachukua sindano ya mkewe, akajichoma mdomo wa juu, akajichoma na wa chini. Hakusikia kitu. Vidole navyo vilikuwa njiani kufuata.

Ilikuwa ni kusema tu. Angemwambia mkewe, angemwambia Lipe, angeniambia hata mimi, na ningelitangaza bure mpaka mjini. Lakini angesema, angekuwa nani? Mzee asiyevua, asiyeonja, anayekaa kwenye baraza lisilo na mtu. Akajiambia mdomo utarudi. Na kwa kuwa hakutaka kuua mtu, akaanza kukataa samaki. Wanne akiletewa, watatu anasema wabaya. Anajilaza, anajikuna, anaomba blanketi. Yule wa nne anamkubali akiwa mdogo mdogo, ili watu wasione kitu.

Wakaona. Lipe ndiye aliyeona wa kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa akifukia. Lipe ni baba wa ubatizo wa binti yao, kwa hiyo wao wawili waliitana kompadre.

"Kompadre," alimwambia mbele yangu, siku za Kwaresima, "siku hizi bahari yote ina sumu?"

"Ndivyo ilivyo."

"Au wewe ndiye umezeeka? Maana nasikia uzee unawasha."

"Kula basi wewe kwanza," Celedonio akamjibu. "Baraza hili hapa, kiti hiki hapa."

Lipe alicheka, lakini hakucheka vizuri. Aliondoka na ndoo yake, na niliona shemeji yangu akimtazama mpaka alipopotea kwenye kona.

Binti yao Dalvina alikuja Juma Kuu. Ni mtoto wao wa pekee, alipatikana kwa nadhiri na machozi, na alikuwa ameolewa Santiago, juu kabisa kusiko na bahari, na kijana wa bodaboda anayeitwa Wilkin. Alishuka kwenye basi akiwa na mimba ya miezi minane, uso umemvimba, viatu mkononi, na neno lake la kwanza lilikuwa samaki. Hakusema shikamoo, hakusema nimechoka.

"Mama, nataka samaki wa nazi. Mimba nzima naota samaki wa nazi. Kule wananipa kuku, kuku, mpaka nawika."

"Bahari imechafuka," Ercilia akamwambia. "Mashua zote ziko juu. Nitakupikia maharage ya Kwaresima, ya maziwa na sukari."

"Maharage nitakula. Na samaki nitakula."

Celedonio alikuwa amemshika kichwa kwa mikono miwili, anambusu nywele. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, hata Ercilia alikuwa akimwonea wivu waziwazi.

Hapo gatini kwetu palikuwa na mzia mmoja aliyekaa miaka, chini ya nguzo ya mwisho, na tulimwita Mkaguzi. Ukipita ufukweni alikufuata sambamba majini, mwendo wako mwendo wake, jicho moja juu yako, mpaka umalize. Ukisimama, anasimama. Alikuwa na urefu wa mtoto wa kwenda kipaimara. Hakuna aliyemtega. Wavuvi walisema ni kumpotezea ndoano tu, lakini ukweli ni kwamba hawakumtaka, kwa sababu samaki wa umri ule kila mtu anajua amekula nini.

Wilkin hakujua. Mtu wa milimani, hajui hata kuogelea, watu walikuwa wakimtania tangu aliposhuka basini. "Wilkin, usikaribie maji, utalowa." "Wilkin, yule ni samaki, si boda, hana breki." Na mkewe anamlilia samaki. Jumatano jioni akachukua kijiko cha jikoni kwa Ercilia, akakitoboa, akakifungia ndoano na waya, akaenda gatini peke yake akawa anakivuta juu ya maji kikimetameta. Mkaguzi, aliyekaa pale miaka yote ile bila kuguswa, akachomoka kwenye kivuli cha nguzo na kukimeza. Tulisikia kelele tukakimbia. Tulimkuta Wilkin amelala kifudifudi kwenye mbao, waya umemkata viganja, na samaki anapiga gati kwa mkia, kinywa kinafunguka na kufunga.

Wote walimpigia makofi. Mimi nilimtazama yule samaki usoni. Nilisema, "Huyu afukiwe leo leo." Lipe akasema, "Doña Minga, tangu lini wewe ndiye Celedonio?" Watu wakacheka, nikarudi kwenye kikaango changu, maana kweli mimi siye.

Alhamisi Kuu asubuhi baraza lilijaa. Hakukuwa na samaki mwingine kijijini, na kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, siku ambayo huku kwetu nyama hailiwi na bahari haiguswi. Ukioga unageuka samaki, ndivyo tulivyolelewa. Mkaguzi angetosha nyumba kumi. Celedonio alikata shingoni kwa mkono wake, Ercilia akachemsha, akamletea. Alitafuna taratibu. Akachovya mkono kwenye beseni. Dalvina alikuwa amekaa kwenye ngazi, miguu ameinyoosha, anamtazama baba yake kama mtoto anayesubiri peremende.

Lipe akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyu naye mbaya, kompadre?"

"Tutaona asubuhi," akajibu.

Mchana ule tumbo lilimwendesha. Nilimwona akienda chooni mbiombio, akarudi amelowa jasho, nikamuuliza. "Maharage," akasema. "Dada yako kaweka sukari nyingi." Na mimi nikaamini, kwa sababu nilikuwa nimekula maharage yaleyale na kweli yalikuwa na sukari nyingi.

Ijumaa watu walikuwa nje mapema. Anasema alikaa kitandani akijipapasa midomo, na midomo ilikuwa imenyamaza kama ilivyonyamaza kwa miezi. Hakujua samaki ni mzuri. Hakujua ni mbaya. Akamsikia Dalvina jikoni anaimba, anakuna nazi. Akamsikia Lipe njiani akiuliza. Angesema mbaya, kama alivyokuwa akisema, na leo wangemcheka machoni pake mbele ya bintiye. Akatoka barazani, akasimama, akavaa kofia.

"Nimeamka salama," alisema.

Samaki akakatwa. Nyumba nyingine zilichukua mafungu yao, sisi tukapika letu: tui zito, pilipili, majani ya giligilani, muhogo pembeni. Harufu yake siwezi kuielezea, ilinifanya nimsahau Mkaguzi na uso wake. Tuliketi mezani Celedonio, Ercilia, Dalvina, Wilkin na mimi. Ercilia akaanza kupakua, na Celedonio akaweka kiganja juu ya sahani ya binti yake.

"Wewe kula wali na maharage."

"Kwa nini?"

"Mjamzito hafai kula mzia."

Dalvina akaona ni mzaha. "Nani kasema? Mama alikula mzia nikiwa tumboni, ndiyo maana nina meno haya."

"Kula wali, mwanangu."

"Baba, wewe si umeamka salama?"

Meza yote ilimtazama. Wilkin mwenye vitambaa viganjani alimtazama, maana ni samaki wake. Ndiyo saa yenyewe ilikuwa hiyo, mlango uko wazi, na neno moja lingetosha. Nikikumbuka nataka kumtikisa mabega mpaka leo.

"Nimeamka salama," akasema. "Basi mpe wa mkiani. Mkiani ndiko kuzuri." Akaondoa kiganja.

Dalvina alikula mkia, akaongeza. Alifumba macho akitafuna. Alifuta sahani kwa muhogo, akasema mtoto anacheza dansi, kafurahi. Celedonio alikula kidogo sana, na hakuna aliyelitilia maanani hilo.

Jua lilikuwa bado liko juu tulipoanza kutapika. Mimi nilianza, akafuata Wilkin, kisha Ercilia, na majirani kule wakaanza kuitana. Tumbo ni tumbo, unatapika, unasema ni tui limechacha. Nilikuwa nimeegemea mlango, nimeishiwa nguvu, Dalvina akaomba maji. Ercilia akamchotea mtungini, maji ya kisima, ya baridi. Dalvina akayaweka mdomoni na kikombe kikamtoka mkononi.

"Mama, mbona ya moto? Yananiunguza."

Kijiji chetu chote kinajua maana ya maneno hayo, hata mtoto mdogo. Ercilia alimgeukia mumewe polepole, na mumewe alikuwa anatazama kikombe sakafuni.

Kisha Dalvina akashika tumbo. Alisema mtoto anapiga. Nikaweka mkono wangu. Nimezaa mara nne, najua mtoto anavyopiga, na kule hakukuwa kupiga. Alikuwa anajitupa ndani mle huku na huku, hapumziki, kama kuku ndani ya kiroba. "Mama mdogo, mwambie aache," Dalvina akaniambia, analia. "Mwambie aache." Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na midomo yangu mwenyewe ilikuwa inaanza kuwasha.

Lipe alitupakia kwenye pikapu yake, naye akitapika dirishani. Hospitali ya mjini walimtia dripu, daktari akasema dawa ya kuifuta sumu hiyo hakuna, ni kungoja. Tulingoja. Mtoto alijitupa mpaka giza, akapunguza, akatulia, na alipotulia tuliogopa upya, mpaka nesi akamsikia moyo kwa chombo chake.

Kijijini hakufa mtu. Tulijikuna, tulitambaa, maji ya kuoga yalikuwa adhabu, nikashindwa kugusa kikaango kwa wiki nyingi. Na unajua tulisema nini? Tulimtafutia Celedonio udhuru. Mdomo wake haujawahi kukosea, tukasema, basi kosa si la mdomo. Kosa ni la yule wa milimani aliyevua Juma Kuu. Kavua siku takatifu, kamtoa gatini samaki aliyekuwa hana ugomvi na mtu, ndiyo maana Mungu kafumba mdomo wa Celedonio. Watu wazima walisema hivyo. Wilkin alipita njiani wanageuza nyuso. Alimlilia mkewe, "Kweli nimekuletea mkosi?" na baba mkwe wake alikuwa amekaa hapo hapo, umbali wa kumpa chumvi, akasikia kila neno, akanyamaza.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Mei, wa kike, mdogo, mzima kwa pumzi na kwa kilio. Lakini akilia, uso unakunjamana upande mmoja tu. Upande wa kushoto unabaki umetulia, jicho halifungi vizuri. Daktari akasema huenda likapungua, huenda lisipungue. Wakamwita Nazaria. Celedonio alikuwa akimshika mchana kutwa, anamfunika lile jicho kwa kidole jua likimpiga, na Dalvina alimwambia mama yake, "Baba anajilaumu bure, maskini."

Siku moja baada ya mvua, Lipe akaja barazani na sahani iliyofunikwa kitambaa. Sote tulikuwepo, tunachambua njegere. Celedonio alinyoosha mkono kupokea, kwa mazoea. Lipe akampita.

"Samahani, kompadre. Si yako." Akamgeukia Dalvina, akaongea kwa upole, hata nilimwonea huruma. "Binti yangu wa ubatizo, watu wameniomba nije. Mzia amepatikana, mkubwa kiasi. Nasikia wewe mpaka leo ukila dagaa mdomo unakuwasha. Si ndivyo?"

"Unawasha," Dalvina akasema. "Kidogo."

"Ndivyo baba yako alivyoanza. Ni kipawa, mwanangu, ingawa kimekuja vibaya. Kipande kidogo tu. Utakaa hapa kwenu, fungu lako kila mashua, hutarudi kuhangaika Santiago. Na mumeo watu watamsamehe."

Dalvina alimtazama Wilkin. Nilimwona akipima. Jamani, alikuwa anapima kweli, mtoto yuko kwenye titi na maziwa anayonyonya yanatoka kwenye mwili uleule. Nilifungua kinywa nimtukane Lipe mpaka mababu zake waliokuja na meli, lakini Celedonio alikuwa ameshasimama.

Aliichukua ile sahani mikononi mwa Lipe akaiweka chini. Alimwomba Ercilia sindano. Ercilia hakuelewa, akampa ile iliyokuwa kifuani kwake. Akajichoma mdomo wa chini, mbele yetu, akaichomeka mpaka ikasimama yenyewe, na uso wake haukubadilika. Akaichomoa.

"Mdomo umekufa," alisema. "Tangu kabla ya Krismasi. Ukionja sana unakufa, na wako utakufa, na siku utakapokufa hutasema, kama mimi nilivyonyamaza. Kompadre, wale niliokufanya uwafukie sikujua kama walikuwa wabaya. Na huyu kijana hana dhambi yoyote."

Lipe alivua kofia. Wilkin aliinamisha kichwa. Dalvina ndiye hakusogea.

"Alhamisi ulipoonja," akauliza, "ulijua mdomo haufanyi kazi?"

"Nilijua."

"Na Ijumaa, uliponiwekea mkono kwenye sahani?"

"Nilijua."

"Ukautoa."

"Nikautoa, mwanangu."

Dalvina alimtoa mtoto kwenye titi, akafunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja, akaenda ndani kufunga mizigo. Waliondoka kwa basi la mchana. Celedonio alisimama barabarani na hakuna aliyemwambia aende karibu.

Mzia haliwi tena Punta Salada, mkubwa wala mdogo. Wanawake wameviondoa barazani viti vya waliokuja kumtazama akila, na lile beseni Ercilia anawanyweshea kuku maji. Dalvina hutuma picha za Nazaria kwenye simu ya mama yake, kwa sharti moja, na Ercilia analitimiza: anachukua simu anaingia jikoni, anaangalia huko, mlango ameurudisha. Celedonio anakaa nje anausikia mlio wa simu. Haulizi.

Juzi Ercilia aliniita mimi pembeni ya jiko, akanionyesha. Mtoto ameanza kucheka, na mashavu yote mawili yanapanda. Nilitoka na furaha yangu, nikamkuta shemeji kwenye kiti chake, akaninyanyulia uso. Nilimpita, nikaenda kuanua nguo.